Ugali Wake Uko Wapi?

"Mwanangu, mboga nimeiona. Sasa ugali wake uko wapi?"

Mama mkwe aliuliza hivyo akiwa amelishika bakuli kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Juni, nyumbani kwetu Uyole, katika baridi ile ya Mbeya inayomfanya mtu anywe chai ya tangawizi akiwa amejifunga shuka. Wala hakuwa anakejeli. Alikuwa amepanda gari Ilula alfajiri, akabadilisha Ipogolo, akapita Mafinga, Makambako na Igawa akiwa na tenga dogo la nyanya miguuni. Mtu aliyesafiri kutwa nzima ana haki ya kuuliza chakula kimewekwa wapi.

Bakulini mlikuwa na kabeji iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, nyama ya kusaga iliyokaangwa mpaka ikashika ukoko, nyanya mbichi, kitunguu, matango yaliyolala kwenye siki tangu jana yake, na parachichi la Tukuyu lililokatwa vipande vinene. Juu ya vyote nilimwaga sosi nzito ya rangi ya matofali. Ilikuwa baga iliyovuliwa mkate.

Sababu zilikuwa mbili, zikakutana jikoni siku moja. Mwanangu wa kidato cha tatu alikuwa likizo na alinidai baga tangu shule ifungwe. Mama mkwe naye alikuwa ametoka kliniki na maagizo: sukari imepanda, apunguze ugali, mkate na viazi, aongeze mboga. Aliyaeleza maagizo hayo kwa sauti ya msiba. "Wameniambia nipunguze chakula," alisema. Nikamuuliza, "Wamesema chakula, mama, au wamesema ugali?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lile lile mara mbili.

Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia swali lake kichwani, na kila nikilirudia naona alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Kiswahili chetu kimeyapanga mambo haya zamani. Jirani akikuuliza, "Leo mboga nini?" unaweza kumjibu nyama, samaki, dagaa, maharage, mayai au mchicha, na majibu yote ni halali. Vyote hivyo ni mboga. Tukitaka kusema majani inabidi tuongeze neno, tuseme mboga za majani. Wengine husema kitoweo, yaani kitu cha kutowelea, na kutowea ni kula kitu kingine kwa msaada wake. Ng'ombe mzima, kwa lugha hii, ni msaidizi wa unga. Ndiyo maana huku kwetu mtu aliyekula viazi sahani mbili na chai atalalamika asubuhi kwamba alilala na njaa. Tumbo lilijaa, ila chakula hakikupita.

Baga nayo imejengwa kwa mpango huo huo, ila kwa ngano. Mkate ndio ugali wake, na nyama, majani na sosi ndiyo mboga. Tofauti ni kwamba mkate wake hukaa juu na chini, ukaifunika mboga isionekane. Kwa hiyo mama mkwe hakuwa mshamba wa chakula cha kizungu. Alikisoma kile chakula vizuri, akaona pengo pale pale lilipo.

Pengo lenyewe ni la zamani. Nyama ya kusaga ya mtindo wa Hamburg iliuzwa Marekani katika karne ya 19 ikiwa kwenye sahani, inaliwa kwa uma, kabla haijapata mkate. Alikuwapo hata daktari, James Salisbury, aliyewaandikia wagonjwa wake nyama ya kusaga tupu mara tatu kwa siku, akiamini kwamba vyakula vya wanga ndivyo vinavyowaharibu matumbo. Alizidisha, na sitamfuata. Baadaye wauzaji wa barabarani walihitaji kitu cha kumshikisha mteja asiye na meza, ndipo mkate ulipopata kazi. White Castle ya Wichita ilipoanza mwaka 1921, baga ndani ya mkate wa mviringo ikawa biashara ya mji baada ya mji. Watu wa pwani yetu, kwa upande wao, wamekaanga kababu na kuzila bila kuzifunga kwenye kitu chochote, na hakuna aliyewauliza mkate uko wapi.

Mkate ulikuwa wa mtu anayetembea. Mimi nilikuwa na meza, viti vitano na bibi aliyekatazwa wanga. Ndipo nikachukua bakuli.

Sasa niseme habari za sosi, kwa sababu bila sosi bakuli lile lingekuwa kachumbari iliyowekewa nyama. Nyanya za mama mkwe zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Nilipima sado moja, nikazichanja msalaba kichwani, nikazimwagia maji ya moto, maganda yakajivua yenyewe. Nikazikatakata ndani ya sufuria pana, kwa sababu sufuria pana hutoa maji haraka, nikatia vitunguu viwili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, chumvi, siki vijiko vitatu, sukari nusu kijiko na pilipili kichaa moja nzima isiyopasuliwa. Moto wa mkaa, wa wastani. Kisha ni kusubiri na kukoroga.

Saa ya kwanza hakuna kinachotokea. Nyanya zinachemka kama mchuzi mwepesi, zinarusha matone ukutani, na mtu asiye na subira hudhani amekosea. Saa ya pili rangi inaanza kugeuka, kutoka nyekundu ya kung'aa kwenda nyekundu ya udongo. Sauti nayo inageuka: badala ya kuchemka kwa haraka, sufuria inaanza kupumua, puu, puu, taratibu, kama uji mzito. Ukipitisha mwiko chini, njia inabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga. Hapo ndipo pa kuitoa. Sado nzima ilishuka ikajaza chupa moja na kubakiza vijiko vichache.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango akitazama. Kwao Ilula nyanya ni kila kitu: ni ada ya shule, ni bati la nyumba, na msimu bei ikianguka ni uozo mashambani, maana lori la Dar es Salaam halisubiri na dalali hana huruma. Amelima nyanya tangu ujana wake na hakuwahi kuzichemsha kwa zaidi ya dakika kumi. Sosi kwake ilikuwa kitu cha kiwandani, chenye nembo. Nikamkumbusha kwamba Dabaga, jina ambalo Watanzania wengi wamelijua kwa kulisoma ubavuni mwa chupa, ni mahali katika wilaya yake mwenyewe ya Kilolo, na kwamba kiwanda chenye jina hilo kiko Iringa. "Dabaga naijua," akasema. "Sikujua kwamba wanachofanya ni kungoja maji yakauke."

Ndicho hicho hasa. Maji yakiondoka, kilichobaki kinakolea. Nalipenda neno hili, kukolea. Lugha nyingine hupata taabu kutaja ladha ile isiyo tamu, isiyo chungu, isiyo chachu wala chumvi tupu, ile inayofanya mate yajae nyuma ya ulimi. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani wa baharini akapata ndani yake kitu kinachotoa ladha hiyo, akaipa jina la umami. Kitu hicho hicho kimo kwenye nyanya iliyoiva, na huongezeka nguvu maji yanapopungua. Sisi tulikuwa tunasema mchuzi umekolea, na kila mpishi alielewa.

Nyanya zilipopoa kabisa nilizichanganya na mtindi niliouchuja kwa kitambaa tangu asubuhi, mtindi wa maziwa ya Rungwe, mzito wa kusimamisha kijiko. Lazima nyanya zipoe; ukichanganya zikiwa za moto mtindi unakatika na sosi inakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Nikatia haradali kijiko kimoja na vipande vidogo sana vya yale matango ya siki. Wanaopenda mayonezi waweke mayonezi. Mimi naona mtindi una uchachu unaosafisha mafuta ya nyama, na mama mkwe anaujua tangu utoto.

Nyama ilikuwa nusu kilo, kwa watu watano. Nilimwomba mwenye bucha aisage mara moja tu, na yenye mafuta kidogo, maana nyama kavu kabisa hukakamaa. Usiikande kama unga. Ifinyange kwa vidole, wepesi, iwe madonge, kisha kikaango kiwe cha moto kweli kweli, weka donge, likandamize mara moja kwa mgongo wa mwiko na uliache. Kuacha ndiyo kazi ngumu. Tunapenda kugeuzageuza. Ukiliacha dakika mbili, upande wa chini unashika ukoko wa kahawia, na ukoko wa nyama ni ndugu wa ukoko wa wali: watu wote huugombania. Chumvi nyunyiza hapo mwishoni. Kisha niliyavunjavunja madonge, nikayagawa kwenye mabakuli juu ya kabeji, kabeji ikalegea kidogo kwa joto.

Ndipo likaja swali la ugali.

Sikumjibu mara moja. Badala yangu alijijibu yeye, kwa njia ambayo sikuitegemea. Alikaa, akaweka bakuli mapajani, akaanza kutusimulia habari za mizani.

Mwaka 1983 ulianza mkoani Iringa mpango wa lishe wa Serikali pamoja na WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Wakati huo Njombe bado ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi na viongozi, na matokeo yakajadiliwa kama jambo la kijiji zima. Mipango ya maendeleo imekuja mingi na kusahaulika, lakini huu ulisomwa hata mbali: ule mchoro wa UNICEF unaoeleza sababu za utapiamlo, kuanzia sahani ya mtoto hadi kwenye uchumi wa nchi, umechota mengi kutoka Iringa. Mama mkwe hajui habari za mchoro. Anachokumbuka ni mizani ya kuning'iniza mtoto, na kadi yenye rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu.

"Wa pili aliingia kwenye kijivu," alisema. "Na nilikuwa namlisha, mwanangu. Ugali alikuwa anapata. Uji alikuwa anapata. Nililia pale pale kwenye mizani, nikasema kwani nimemnyima nini?"

Huyo wa pili ndiye mume wangu. Alikuwa amekaa hapo, kijiko mkononi, na hakusema neno.

Swali la mama yule kijana, nimemnyima nini, bado linaning'inia juu ya nyanda zetu za juu kusini. Baada ya uhuru Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilikuja kuitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mpaka leo wanasiasa wakipanda jukwaani hutusifu kuwa ghala la Taifa. Makambako, katikati ya safari ya mama mkwe, kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na chakula kinachohifadhiwa humo ni mahindi kuliko kitu kingine chochote. Lugha ya nyumbani na lugha ya Serikali zimekubaliana: chakula ni unga. Na katika ghala hilo hilo la Taifa, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa. Njombe ilikuwa asilimia 50.4, Rukwa 49.8. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Mikoa inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao.

Udumavu una mizizi mingi. Kuna maradhi ya kuhara, kuna maji, kuna mama mjamzito anayelima mpaka wiki ya mwisho na kurudi shambani mtoto akiwa mchanga, mtoto naye akabaki na uji mwepesi na dada yake wa miaka saba. Sitaki kuwabebesha akina mama kesi ambayo si yao peke yao. Lakini sahani nayo ni mzizi, na sahani zetu nazifahamu: mlima wa sembe nyeupe, iliyokobolewa mpaka ikapoteza kilicho bora, na pembeni kijibonde cha mboga ambacho watoto wanne wanakichovya kwa zamu, mdogo akiwa wa mwisho. Mboga inaisha, ugali unabaki. Hakuna anayeona ajabu, kwa sababu mboga ilikuwa msaidizi tu.

Nami nilikulia kwenye sahani hiyo. Kwetu Rungwe tuna ndizi, tuna maziwa, tuna maparachichi yanayoanguka chini ya mti na kuliwa na nguruwe, na bado mgeni akija tulimpikia wali wa Kyela mlima mzima na kuku mmoja kwa watu kumi. Kuheshimu mgeni ni kumjaza. Hayo maparachichi sasa yanapakiwa kwenye makontena kwenda Ulaya na Asia, yanaandikwa magazetini kama dhahabu ya kijani, na kuna nyumba Tukuyu ambamo mtoto anapewa uji mkavu ilhali mti uko dirishani. Nikiona hivyo moyo unaniuma.

Kwa hiyo jioni ile nilinyanyuka, nikasonga ugali. Wa dona, na kidogo sana, wa kutosha kila mtu kupata donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nikauweka kwenye kisahani, pembeni ya mabakuli. Mama mkwe aliumega, akauchovya kwenye sosi, akaokota nao kipande cha nyama na parachichi. Alitafuna polepole. Donge lake liliisha wakati bakuli bado limejaa zaidi ya nusu, akaendelea kula kwa kijiko, kimya kimya, mpaka kijiko kikagonga udongo.

"Kumbe leo," alisema, "ugali ndio umekuwa mboga."

Mwanangu alilalamika kidogo kuhusu mkate, kisha akaomba sosi ya ziada, na kwangu hilo lilikuwa jibu tosha. Mume wangu alifuta bakuli lake kwa kipande cha mwisho cha kabeji.

Najua nyama ya nusu kilo si ya kila siku, hata kwetu si ya kila siku. Wiki iliyofuata tulipika bakuli lile lile kwa maharage. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, jirani yetu, kimetoa mbegu za maharage kwa miaka mingi, na moja wameiita Njano Uyole. Tuliyachemsha, tukayaponda nusu nusu na kitunguu na bizari nyembamba, tukayafinyanga, tukayakaanga kwa mafuta ya alizeti mpaka yakashika ukoko. Siku nyingine ilikuwa usipa wa Ziwa Nyasa, waliokaangwa wakakauka, wakamwagwa juu ya kabeji kama karanga. Sosi ni ile ile. Sosi ndiyo inayowafanya watoto wasiulize.

Mama mkwe alikaa nasi majuma mawili, akarudi Ilula na chupa mbili tupu, zilizochemshwa, na kitambaa cha kuchujia mtindi. Mwezi wa Agosti alinipigia simu. "Kamwene, mwanangu." "Kamwene, mama." Bei ilikuwa imeanguka tena, dalali alikuwa amezikataa nyanya ndogo na zilizopasuka, naye amezichemsha zote. Wajukuu wamekuja na mabakuli yao. Akaniuliza kama limau linaweza kushika nafasi ya siki, nikamwambia linaweza.

Ukipita barabara kuu msimu wa nyanya, kati ya Kitonga na Iringa mjini, utawaona akina mama wamezipanga kwa sado na kwa ndoo pembezoni mwa lami. Mwambie dereva asimame. Usichague kubwa tu. Hata zile ndogo na zilizopasuka zinafaa sosi, na ukizinunua umemwokoa mtu hasara. Ukifika nyumbani, toa sufuria mbili, na safari hii ile kubwa ipe mboga.